Taa Haizimiki Ghafla

3 Februari

Mpwa wangu Mwalimu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na chaki iko mkononi kama kawaida yako. Huku tupo. Mama yako kikohozi kimempungua, siku hizi anakohoa tu akitaka watu wanyamaze. Mke wangu anakusalimu sana. Anasema sweta uliyomletea imemkaa vizuri ila mikono ni mirefu, sijui ulimpima nani. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana, nami nimeahidi kuliziba, na dada yangu, yaani mama yako, ameniambia ahadi zangu atazifungia kwenye chupa azinywe akiwa na kiu.

Baba yako bado yuko kitandani tangu ile ajali ya kiwandani. Daktari anasema nyonga imeunga, lakini imeunga vibaya, na magongo hatayaacha tena. Hilo unalijua, ulikuja hospitalini ukaona. Ambalo hukuliona ni mkono wake. Akilala chali, mkono wa kulia unazunguka juu ya blanketi polepole, kulia, kushoto, kama anazungusha gurudumu. Ukimuuliza anafanya nini, anasema hafanyi kitu.

Sasa nina swali la kisomi, na wewe ndiye msomi wetu. Unajua pale chumba cha mitambo kiwandani tuna jenereta mbili. Tunaziita Mke Mkubwa na Mke Mdogo, kwa sababu kuziweka kwenye laini moja ni kazi ya kubembeleza. Mke Mkubwa anakuwa tayari anafanya kazi. Mke Mdogo anawashwa, baba yako anashika gurudumu la gavana kurekebisha mbio zake (ndiyo maana kazini jina lake ni Gavana, gavana asiyepigiwa kura na mtu), na mimi nasimama kwenye ubao wa swichi natazama taa iliyofungwa kati ya jenereta hizo. Mbio zikikaribiana, taa inawaka, inafifia, inawaka tena, inafifia. Ikiwa giza kabisa ndipo napiga swichi, na hao wake wawili wanakuwa kitu kimoja. Ukipiga wakati inawaka, balaa.

Swali langu ni hili. Mtu wa gavana akiteleza mkono, mbio zikaruka ghafla, je, taa inaweza kuzimika ghafla? Nataka kujua tu, kwa ajili ya kuwaeleza wenzangu kazini.

Mjomba wako

20 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, nikajua ni yako kabla sijaifungua. Mimi mzima. Bweni la wasichana limepata maji, tumefurahi kama tumepata mvua. Mwambie mkazamjomba sweta nilipima kwa kukisia. Akunje mikono, mikono ya kukunja haijawahi kuua mtu.

Swali lako limenifurahisha kuliko unavyofikiri, kwa sababu ndiyo mada niliyokuwa nafundisha wiki hiyohiyo. Darasa zima hawakunielewa. Nikachora mawimbi ubaoni mpaka chaki ikaisha, wakanitazama kama ng'ombe anayetazama treni. Basi nikawagawa mafungu mawili. Fungu la kulia wapige makofi wakifuata mkono wangu. Fungu la kushoto wafuate rula ya kiranja. Mwendo karibu sawa, ila kiranja anawahi kidogo.

Mjomba, ungekuwepo! Mwanzoni makofi yalianguka pamoja, pwaa, pwaa, ukuta ukatetemeka. Halafu taratibu yakaanza kupishana, kofi la huku likaingia katikati ya makofi ya kule, kishindo kikafa, ikabaki kama mvua ya manyunyu. Halafu taratibu yakarudi, pwaa! Mwalimu wa darasa la jirani akachungulia mlangoni: "Nyie, mnampongeza nani?" Nikawauliza watoto, kuna aliyepiga kwa nguvu zaidi? Hakuna. Kuna aliyeacha kupiga? Hakuna. Ni kukutana na kupishana tu. Wimbi la huku likipanda pamoja na la kule, yanaongezana. La huku likipanda la kule likishuka, yanafutana. Huko kuvimba na kunywea ndiko tunaita mapigo. Taa yenu iko kati ya jenereta mbili, ndiyo maana inawaka zikipishana na kuwa giza zikikutana. Tofauti ya mwendo ikiwa ndogo, mapigo ni ya polepole. Ikiwa kubwa, ni ya harakaharaka. Na mwendo ukiwa sawasawa kabisa, hakuna mapigo tena: yaliyoanza pamoja yanabaki pamoja, yaliyoanza yamepishana yanabaki yamepishana. Hayo tunasema yameshikana. Swichi yenu ikishapigwa, hao wake wawili wameshikana hivyo. Mmoja hawezi kumtangulia mwenzake hata akitaka.

Sasa jibu. Hapana, mjomba. Mbio zikiruka ghafla, tofauti inakuwa kubwa, na taa ingekonyeza haraka kama jicho lililoingia mchanga. Isingezimika ikabaki giza. Na hata mbio zikiwa nzuri, taa ya mapigo haizimiki ghafla. Inafifia kama mtu anayesinzia. Huo ndio utaratibu wa mawimbi, baba awe ameshika gavana au asiwe ameshika.

Kwa hiyo na mimi nina swali. Siku ile taa ilizimika ghafla? Ilibaki giza muda gani? Na taa zilikuwa ngapi? Vitabu vinasema ziwe tatu.

Nakuuliza kwa sababu baba aliniambia pale hospitalini, "Ni mimi, mwanangu, mkono wangu uliteleza," nami nikaamini.

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Barua ilichelewa posta, halafu nikachelewa mimi. Hapa jirani kanunua redio mpya, anatuwekea sote, tupende tusipende. Mama yako anasema afadhali, angalau sasa anasikia kitu kingine badala ya mimi na ahadi ya paa. Paa nimelipanda, nimeziba, sasa linavuja pembeni yake. Mke wangu amekunja mikono ya sweta.

Baba yako alianza magongo Jumatatu. Akafika mlangoni akarudi. Nikamwambia, shemeji, toka nje kidogo uone jua. Akasema, "Jua litaniuliza nini?" Chakula anakula vijiko viwili, anasukuma sahani. Wenzake wa kiwandani wakija kumwona anajifanya amelala. Mama yako ananiambia mimi, kwa sababu hana mwingine wa kumwambia: "Kaka, nyonga haiwezi kuniulia mume. Atakufa na aibu." Anarudia hivyo huku anakunja nguo, na mimi nakaa pale natazama miguu yangu.

Ule mfano wa makofi ni mzuri sana, nimewasimulia watu wamecheka.

Kuhusu siku ile, kelele zilikuwa nyingi, mtu hawezi kukumbuka kila kitu. Taa zipo tatu, zote nzima. Mkaguzi alikuja akaziona mwenyewe, akaandika. Fundisha watoto wako, Mwalimu, usijisumbue na mambo ya huku.

Mjomba wako

25 Machi

Shikamoo mjomba,

Sote wazima. Mitihani inaanza kesho kwa hiyo naandika kwa kifupi.

Umeniambia mkaguzi aliona taa ngapi. Mimi sikumuuliza mkaguzi, nilikuuliza wewe, na siyo baada ya ajali, nilitaka kujua siku yenyewe. Likizo ya mwisho kabla ya ajali baba alinichekesha, akasema ubao wenu umekuwa chongo, taa mbili zimekufa zamani na mnafanya kazi kwa jicho moja, na kwamba kuleta taa ni kazi yako wewe, na wewe kila siku unasema kesho.

Mjomba, mimi siyo polisi. Ila wewe ndiye uliyeniuliza swali kwanza. Mtu haulizi njia ya mahali asipokwenda.

Mpwa wako

2 Mei

Mpwa wangu,

Nisamehe kuchelewa. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana, mpaka mke wangu akauliza kama nimepata mchumba. Salamu zote za nyumbani ni zilezile. Mama yako mzima wa mwili. Mvua imekata, kwa hiyo paa halivuji, wala sijalitengeneza.

Taa ilikuwa moja. Baba yako alikwambia kweli.

Zile mbili ziliungua, moja halafu nyingine. Taa zenyewe ni za aina yake, unaandika stoo wanakuletea baada ya muda. Kuandika ni kazi yangu. Sikuandika. Sina sababu nzuri, mpwa wangu. Moja ilikuwa inatosha, na kitu kikitosha leo unadhani kitatosha na kesho. Baba yako alinikumbusha mpaka akachoka, akageuza kuwa utani. "Shemeji, siku hilo jicho likipofuka utapiga swichi kwa kunusa?"

Siku ile ilikuwa asubuhi ya kawaida. Umeme wa Mke Mkubwa peke yake haukutosha, mashine za kusokota nyuzi zilikuwa zinavuta miguu, na msimamizi wao akaja mlangoni kwetu na kelele. "Nyinyi humo ndani mnatafuta bibi harusi? Nyuzi zinakatika!" Nikamjibu kwa mdomo mrefu, unanijua. Nikataka nimwonyeshe. Baba yako alikuwa kwenye gavana, anamrekebisha Mke Mdogo taratibu. Taa ikawaka, ikafifia, ikawaka. Mapigo yalikuwa mazuri, ya polepole, kazi safi ya mkono wake. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika swichi. Taa ikawa inang'aa kabisa, na hapohapo ikazimika. Haikufifia. Ilizimika tu, kama mtu aliyekatwa maneno.

Nikapiga.

Baba yako ndiye aliyenifundisha kazi ile nilipokuja mjini na sanduku moja. Alinifundisha kwa maneno haya: taa inayosinzia ifuate, taa inayozirai ikimbie. Ikizirai, ngoja, itazame, kama haiamki basi imekufa yenyewe, usiiamini. Nilikuwa najua hayo yote nikiwa nimeshika swichi. Niliona imezirai, kichwa kikasema ngoja, mkono ukawa umeshakwenda, kwa sababu ya mtu mmoja kusimama mlangoni na kunicheka.

Mlio wake sitaueleza. Boliti za kwenye shafti zilikatika zote, na kipande cha kinga kikaruka upande wa gavana. Swichi ikajiachia yenyewe. Nikatazama juu, na jenereta bado zinazunguka, kila moja na mbio zake. Taa ilipaswa iwe inakonyeza. Ilikuwa giza. Ndipo nikajua taa ilikuwa imeungua. Halafu ndipo nikamsikia baba yako.

Baada ya kumpeleka hospitali, nilirudi. Nikaitoa ile taa iliyoungua pamoja na zile mbili, nikaazima tatu kwa fundi wa kiwanda cha jirani, nikazifunga. Nikazitupa zile za zamani. Nilifanya hivyo kabla mkaguzi hajaja. Sikujua nitasema nini, nilikuwa natafuta nafasi tu. Halafu meneja akaenda kumuuliza baba yako hospitalini, na baba yako, akiwa amelewa dawa, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa kwenye gavana. Kama shemeji kapiga swichi, basi taa ilikuwa giza, yeye hawezi kukosea. Lazima mbio ziliruka mkononi mwangu." Meneja akanigeukia. "Ndivyo?" Nikanyamaza. Aliandika kunyamaza kwangu kama jibu.

Nilipokuuliza lile swali mwezi wa pili, nilikuwa natafuta fizikia inisaidie. Nilitaka uniambie inawezekana. Ningekuwa nimepata kitambaa cha kufunikia. Wewe ukanijibu kwa makofi ya watoto.

Huyo ndiye mjomba wako.

14 Mei

Mjomba,

Nimesoma. Nikasoma tena. Shikamoo yako nimeiweka, siwezi kuiandika leo.

Nilikuwa nasimamia mtihani barua ilipofika. Nikaisoma nimesimama, mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, muda umeisha?" nikamwambia ndiyo, na muda ulikuwa bado. Wakakusanya karatasi. Nimewaonea watoto wa watu kwa ajili yako.

Baba yangu anazungusha gurudumu kitandani akitafuta mahali mkono wake ulipoteleza, na hatapaona, kwa sababu hakuna. Umekaa naye nyumba moja miezi yote hii unamtazama akitafuta.

Sikuombi chochote kingine. Mwambie. Mwambie yeye kwanza, halafu meneja, halafu mama. Nami nimemwandikia baba barua yake, nimemweleza mapigo yote kwa mchoro, kwamba mbio zikiruka taa haizimiki, kwa hiyo siyo yeye. Jina lako sikulitia. Hilo ni lako.

Mimi siwezi kuja mpaka shule ifungwe.

11 Juni

Mpwa wangu,

Sijui kama salamu zangu unazipokea. Nazituma hivyohivyo. Mama yako mzima. Mke wangu mzima, na yeye anajua sasa, na amehamia kulala chumba cha nguo, akisema ni kwa ajili ya joto.

Nilianza vibaya, nilianza na meneja, kwa sababu kwake kulikuwa rahisi. Nikaingia ofisini nikasimama nikamwambia yote, taa, swichi, kila kitu. Akanisikiliza huku anapiga muhuri karatasi zake. Nilipomaliza akasema, "Mzee, faili limefungwa. Bima walishakuja, mkaguzi alishakuja. Gavana mwenyewe alikiri. Unataka nifungue nini?" Nikamwambia, nifukuze. Akacheka. "Nikufukuze, nani atapiga swichi? Yule wa kwanza nimempoteza, na wewe nikupoteze? Nenda kazini." Nikarudi kazini. Siku hizi nasubiri taa mpaka wananitukana, na hakuna hata mmoja anayejua ninachosubiri.

Halafu nikaenda kwa baba yako. Nilichagua saa ambayo mama yako ameenda sokoni. Alikuwa amekaa kitandani, barua yako iko kwenye mapaja, ule mchoro wako wa mawimbi umefunguliwa. Nikafurahi, nikasema umenifungulia njia. Nikamuuliza, umeisoma? Akasema, "Nimeisoma. Binti yangu ana akili. Ananipenda sana." Nikasema, shemeji, siyo mapenzi, ni kweli. Siyo wewe. Ni mimi.

Nikamwambia. Sikuficha hata neno. Nikamwambia taa ilizirai nikaiona, nikamwambia juu ya mtu wa mlangoni, nikamwambia jinsi nilivyozitoa zile taa nikafunga mpya. Nilikuwa nalia, sikuona aibu. Nikategemea atanipiga na gongo. Nilitaka anipige na gongo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Halafu akanishika mkono.

"Mmepanga wewe na huyu mtoto," akasema.

Nikasema hatujapanga.

"Shemeji. Yeye ananiandikia siyo wewe baba, wiki hiyohiyo wewe unakuja kuniambia ni mimi shemeji. Mimi mjinga? Mmeniona sili, mmeniona sitoki, mkakaa mkaona afadhali mtu mmoja aubebe huu mzigo." Akatabasamu, mpwa wangu, tabasamu la kwanza tangu ajali. "Una moyo wewe. Lakini nilikufundisha mimi mwenyewe. Huwezi kupiga swichi taa ikizirai. Ningekuwa nimekufundisha nini?"

Nikaapa. Nikaapa kwa mama yangu, ambaye alimjua. Akasema, "Usiape uongo kwa marehemu kwa ajili yangu." Nikasema muulize meneja, nimemwambia. Akasema, "Hata huko umekwenda? Ungefukuzwa! Una watu wa kulisha wewe!" Akaanza kunikasirikia, mpwa wangu, kwamba nahatarisha kazi yangu kwa kumhurumia yeye. Nikatafuta kitu cha kumwonyesha. Hakuna. Nilichokuwa nacho nilikitupa mwenyewe. Kila nilichosema kilizidi kunifanya mtu mwema.

Mwisho nikaacha kubishana, nimechoka. Na yeye akaukunja ule mchoro wako. Halafu akaanza kusema polepole, bila kunitazama, kwamba kwa kuwa leo tumezungumza kama wanaume, kuna jambo anataka aniombe. Amelibeba tangu hospitalini. Akasema, "Nilikuharibia kazi yako. Umekaa kwenye ubao ule miaka yote bila doa, na mimi kwa mkono wangu nikakutia doa. Sijalala vizuri kwa ajili hiyo kuliko kwa ajili ya mguu. Nisamehe, shemeji."

Nikamwambia hakuna cha kusamehe. Akasema, "Usinikwepe. Sema umenisamehe." Nikasema siwezi. Uso wake ukabadilika. Aliona nimekataa. Mpwa wangu, ule uso ungeuona wewe ungesema chochote.

Nikasema nimekusamehe.

Akavuta pumzi ndefu. Akajilaza, akageukia ukuta, na mkono wake juu ya blanketi ukatulia. Mama yako alipotoka sokoni alimkuta amelala usingizi wa kweli, akanivuta jikoni akaninong'oneza, "Kaka, umemwambia nini? Mungu akubariki." Na leo asubuhi amekula sahani nzima, ametoka nje na magongo mpaka kwa jirani mwenye redio, na kila anayempita anamwambia, shemeji yangu kanisamehe.

Ukija likizo utaona anacheka. Sijui utafanya nini. Mimi sijui.

Mjomba wako